Mdomo wa Punda Haukauki

Rangi ilikauka ukuta mzima isipokuwa mahali pamoja tu, mdomoni mwa punda.

Maryanne aliligundua jambo hilo asubuhi, alipokuwa akipangusa vumbi kabla watoto hawajaletwa. Kitambaa kilipopita kwenye mdomo wa punda kilitoka na doa jekundu. Akagusa goti la punda, lilikuwa kavu. Akagusa sikio, kavu. Akagusa ulimi, na kidole kikateleza. Rangi ilikuwa mbichi, na ilikuwa na uvuguvugu.

"Labda ni unyevu wa ukuta," alijiambia. Lakini Kitengela haikuwa imeona mvua kwa muda mrefu, na vumbi lilikuwa limefanya hata majani ya ua yawe meupe.

Nyumba yenyewe ilikuwa na vyumba viwili katika ploti ya mzee Kiragu, kule ambako majumba ya mawe huanza kupungua na ng'ombe bado wanapita kati ya nyua za watu. Katika chumba cha nyuma Maryanne aliishi na mume wake, Melvin Wanjala, na binti yao Jackie wa miaka mitatu. Melvin alikuwa karani katika duka la vifaa vya ujenzi huko Kajiado mjini. Katika chumba cha mbele Maryanne alilea watoto wa majirani wanaokwenda kazini.

Ni kwa ajili ya watoto hao alimwita Kaveke, fundi anayechora mbuzi na ng'ombe kwenye kuta za bucha, amchoree kitu cha kuchekesha.

Kaveke alichora harusi iliyoharibika. Mbuzi wa karamu alikuwa ametoroka na aprani ya mpishi mdomoni, na mpishi mwenyewe, mnene kama tangi la maji, alikuwa bado amefungwa kwenye hiyo aprani, anaburutwa kwa tumbo, miguu juu. Nyuma yake bibi harusi alikuwa amepanda mkokoteni akiwachapa wapambe kwa shada la maua ili waongeze mbio. Kuku alikuwa amevaa kofia ya askari, na askari alikuwa anamwomba kuku kwa adabu zote amrudishie. Mwisho kabisa alisimama punda wa kubeba maji. Yeye peke yake ndiye hakukimbia. Alikuwa amesimama kucheka, mdomo wazi hadi ungeweza kuona koo, na mitungi ya maji inamwagika pande zote mbili. Kila kitu katika picha hiyo kilikuwa mbioni. Hata jua lilikuwa limekunja suruali.

Kila aliyeingia alicheka. Kaveke mwenyewe alicheka akichora, mpaka ikabidi ashuke kwenye ngazi. Mzee Kiragu alikuja kufoka kwa nini ukuta wake umepakwa bila ruhusa, na akaishia kukaa kwenye kiti cha mtoto akijifuta machozi kwa kofia. Phylis, mama wa Kimani, ambaye ameajiriwa kuuza mitumba sokoni, alikuwa akichelewa kazini kila siku kwa sababu ya huyo kuku.

"Hii kuku ni mkubwa wangu wa kazi kabisa," alisema. "Hata vile amesimama. Woi, Mama Jackie, nitolee hii kitu mbele yangu, nitajikojolea."

Maryanne peke yake hakucheka. Aliipenda picha hiyo kuliko wote, lakini alikulia karibu na Naivasha, mahali ambapo maji ya kisima huyaharibu meno ya watoto, na meno yake yalikuwa na rangi ya chai. Shuleni walimwita Birika. Tangu wakati huo alijifunza kuweka kiganja mdomoni kabla kicheko hakijafika, na mwishowe kicheko chenyewe kikajifunza kusimama kooni na kurudi kilikotoka. Hata katika picha ya harusi yake amefunika mdomo.

Kwa hiyo badala ya kucheka aliipiga picha kwa simu na kuituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi, akaandika: "Karibuni tulee pamoja." Wazazi wakatumia ndugu zao, ndugu wakatumia marafiki.

Wiki hiyohiyo mdomo wa punda ukakataa kukauka, na Jackie akaacha kucheka.

Kicheko cha Jackie kilijulikana ploti nzima. Kilianza kimya, mabega yakitikisika, kisha kikapasuka, na mwisho wake kila mara kilikuwa kwikwi moja, hiki! Sasa Maryanne alimtekenya kwapani, na mtoto akamtazama kwa uvumilivu, kama mtu mzima anayengoja umalize.

"Unaumwa na nini, mama?"

"Sina," alisema Jackie.

"Huna nini?"

Mtoto akanyoosha kidole ukutani.

Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, Maryanne aliteremsha mapazia na kuwalaza watoto kwenye mikeka. Chumba kilikuwa na giza jepesi la rangi ya uji. Bati lilikuwa likilia kwa joto. Alikuwa akikunja shuka aliposikia mtoto anacheka, kwa mbali, kama aliye ndani ya pipa. Akainua kichwa kuona ni nani ambaye hajalala. Wote walikuwa wamelala. Kicheko kikapasuka, kikapanda, kikashuka, na mwisho wake kikatoka kwikwi moja, hiki!, naye akageuka polepole kumtazama Jackie, ambaye alikuwa amelala miguuni pake, mkono chini ya shavu, midomo imefungwa kabisa, huku kicheko kikianza tena upya, si nje, si kwa jirani, bali mle mle ukutani, nyuma ya rangi, mahali ambapo harufu mbichi ilikuwa ikitoka sasa kwa nguvu kiasi kwamba macho yalimwasha.

Akalisogeza pazia. Nyuma ya mguu wa punda palikuwa na mtoto mdogo ambaye hakuwepo jana. Alikuwa amempa Maryanne mgongo. Alikuwa na gauni la manjano ambalo utepe wake mmoja umekatika.

Jackie alikuwa amevaa gauni hilohilo.

Kaveke aliitwa, akaja jioni hiyo kabla jua halijazama. Alisimama mbele ya ukuta akiwa na brashi mkononi na hakucheka.

"Mimi sikuchora mtoto," alinong'ona. "Mama Jackie, haki ya Mungu. Mimi huwa sichori mtoto wa mtu. Wazazi hugombana."

"Basi mfute."

Alimpaka rangi nyeupe mara mbili. Walisimama wakiangalia. Kabla hajamaliza kuosha brashi, manjano yalianza kujitokeza tena chini ya weupe, kama doa la mafuta kwenye karatasi ya chapati, kisha utepe, kisha visigino viwili vidogo.

Kaveke alikusanya makopo yake bila kuyafunika.

"Kwetu Ukambani vitu kama hivi tunavijua," alisema akirudi kinyumenyume. "Hiyo si rangi tena. Hilo ni jini. Limepata mahali pa kuvaa."

"Usiniache hivi, Kaveke. Ndugu yangu, tafadhali."

"Toa mtoto hapa. Leo."

Melvin aliporudi kutoka Kajiado hakungoja kubadilisha shati. Aliita bodaboda, wakapanda wote watatu, Jackie katikati, ili wampeleke hospitali na wasirudi tena. Walipita lango. Walipita nguzo ya stima iliyo kando ya ua. Hapo Maryanne akahisi mtoto anakuwa mwepesi. Akamshika zaidi, na mikono yake ikakuta kitu kigumu na baridi, na alipomgeuza aone uso akaona kwamba uso wa Jackie ulikuwa unalala bapa, pua ikiingia, mashavu yakinyooka, macho mawili yakiwa yamebaki duara tupu kama yaliyochorwa na mtu mwenye haraka, na kutoka kwenye midomo hiyo isiyopumua ilikuwa ikitoka harufu ya rangi.

"Geuza!" alipiga kelele. "Geuza pikipiki!"

Ndani ya lango mtoto alivuta pumzi. Pua ilirudi. Akaomba maji.

Walijaribu kumbeba kwa miguu. Walijaribu kupitia nyuma, kwa mzee anayefuga nguruwe. Kila upande mpaka ulikuwa pale pale, hatua chache nje ya ua. Mwishowe Melvin akakaa chini kwenye kokoto na kushika kichwa.

"Tuhame," alisema, ingawa alijua anachosema hakina maana.

"Tumwache?"

Melvin akainuka, akamchukua mtoto, akarudi naye ndani.

Nalangu alikuwa mama wa Kimaasai aliyewaletea maziwa kila asubuhi. Tangu Maryanne ahamie pale, Nalangu alipitisha mtungi juu ya ua na kupokea mtungi mtupu juu ya ua. Hakuwa ameingia langoni hata siku moja, hata wakati wa mvua. Na kila alipoondoka aliokota jiwe dogo njiani na kulitupa kwenye kona ya ua, akisema maneno machache kwa Kimaasai. Maryanne aliona hayo yote. Hakuwahi kuuliza, kwa sababu aliona haya kuuliza.

Asubuhi iliyofuata aliuliza.

"Supa, yeyo," Maryanne alimsalimia mama huyo kwa Kimaasai.

"Ipa." Nalangu alimtazama usoni, akaweka mtungi chini. "Mtoto?"

"Unajuaje?"

"Nasikia anacheka nikipita. Lakini anacheka kutoka chini."

Maryanne akaanza kulia. Nalangu alingoja hadi amalize.

"Hapa kulikuwa na rundo ya mawe," alisema. "Kubwa, inanipita mimi. Alilazwa mzee hapo zamani, kabla ya baba ya bwana yangu kuzaliwa. Jina yake hatutaji. Kila mtu akipita alikuwa anamwekea jiwe, ama majani, anamsalimia, anaenda. Ng'ombe zikipita, pia mchungaji anaweka. Hakuna mtu alikuwa anapita bure. Halafu shamba ikauzwa. Mzee Kiragu akaleta mafundi. Wakaona mawe iko tayari, hakuna haja ya kuleta lori. Wakajenga msingi na hiyo, wakamalizia na ukuta wenu huo."

"Hakuna aliyewaambia?"

"Waliambiwa. Wakasema mawe ni mawe."

Upepo ulileta vumbi kati yao. Nalangu akashusha sauti.

"Sijui kama ni mzee mwenyewe, ama ni kitu imeingia kwa nyumba yake vile ilibomolewa. Sitaki kumwekea mzee maneno mabaya. Lakini iliyoko hapo inajua kitu moja tu. Anayepita anaacha kitu. Mawe haikuja tena. Sasa watu wanakuja, wanasimama mbele yake, wanacheka. Inaokota hiyo. Na mtoto wako alimpa yote, kwa sababu mtoto hajui kubakisha."

"Nifanye nini?"

"Kila mtu alicheka hapo alete jiwe yake. Amsalimie. Achukue cheko yake."

Kwa Maryanne hilo lilikuwa gumu kuliko kubeba mawe hayo yote mwenyewe. Hakuwahi kusimama mbele ya watu na kusema. Kesho yake alisimama langoni, kiganja mdomoni, na kila mzazi aliyekuja alimwambia kwa sauti ndogo kwamba anaomba alete jiwe na ausalimie ukuta.

"Mama Jackie, sasa karo ni mawe?" Phylis aliuliza kwa sauti kubwa. "Na nikileta kubwa, utanirudishia chenji ya kokoto?"

Wengine wakacheka. Maryanne akaondoa kiganja.

"Phylis, mtoto wangu anakufa," alisema.

Phylis alimtazama Jackie aliyekuwa amekaa kizingitini, akamtazama Kimani wake. Kisha akavua viatu vyake vizuri vya kazini, akavuka barabara, akarudi na jiwe la ukubwa wa kichwa, vumbi limejaa kwenye sketi. Aliliweka chini ya ukuta. "Habari yako, mzee," alisema. "Tusamehe. Hatukujua kuna mtu."

Wote wakafuata. Kaveke alirudi na lake, akiliweka kwa urefu wa mkono kama anayelisha mbwa mkali. Melvin aliweka lake. Hata mzee Kiragu alikuja, akaliacha la kwake haraka bila kumtazama mtu, ingawa midomo yake ilionekana ikisalimia. Na kila jiwe lilipogusa sakafu, mtoto wa ukutani aligeuka kidogo. Lilionekana sikio. Likaonekana shavu. Ikaonekana ncha ya pua. Jackie, kizingitini, akatabasamu kidogo kwa mara ya kwanza.

Halafu mtoto wa ukutani akasimama hapo. Jicho moja ndani ya picha, jicho moja likiwatazama.

"Nani hajaleta?" Melvin aliuliza.

Walihesabiana. Kila mtu alikuwa ameleta.

Simu ya Phylis ikalia mfukoni. Akaisoma, na mkono wake ukashuka taratibu.

"Ni binamu yangu," alisema. "Yuko Doha. Ananiuliza kama nimeona hii." Akawageuzia simu. Mpishi alikuwa anaburutwa na mbuzi. Chini yake binamu alikuwa ameweka vikatuni vya machozi ya kicheko, mstari mzima. "Ametumiwa na mtu hata hamjui."

Hapo ndipo Maryanne alipoelewa. Mahali fulani, wakati huohuo, mtu asiyemjua alikuwa anaifungua picha hiyo na kucheka, na mwingine, na mwingine, na hakuna hata mmoja wao angekuja Kitengela na jiwe. Walipokuwa bado wanaitazama simu, mtoto wa ukutani alianza kugeuka tena, kurudi upande wa ukuta, shavu likipotea, sikio likipotea.

Alimkuta Nalangu njiani, kando ya ua.

"Hawawezi kuja wote, yeyo. Hakuna kingine inachoweza kuchukua?"

Nalangu aliokota jiwe, akalitupa kwenye kona ya ua.

"Nilikuwa naomba usiniulize," alisema. "Wewe uliiachia nini hapo?"

"Mimi? Mimi sijawahi kucheka."

"Ndiyo. Uko na cheko yako yote, ya tangu utoto." Nalangu alitazama kando. "Mimi sikukuambia ufanye. Unasikia? Mimi sikukuambia."

Alasiri hiyo Maryanne alimpa Melvin mtoto na kumwambia asimame naye langoni.

"Ukimsikia anacheka, tembea. Upite nguzo. Usigeuke kuniangalia."

"Na wewe?"

"Nitakuja nyuma."

Melvin alimtazama. Jackie alikuwa mzito mkononi, akipumua kama anayelala, na akaenda.

Maryanne aliingia na kufunga mlango. Alisimama mbele ya ukuta, mikono miwili ikining'inia, na akaitazama picha kama alivyoitazama siku ya kwanza, akiwa peke yake, rangi ikiwa bado inanuka. Alimtazama mpishi. Alimtazama askari akimbembeleza kuku. Walikuwa wachekeshaji kweli, hilo halikuwa limebadilika, na hicho ndicho kilichomtisha zaidi. Kitu kikapanda kifuani, kikafika kooni, kikasimama pale kinaposimama siku zote. Mkono wake ukainuka wenyewe. Akaushusha.

Akacheka.

Kwanza kilitoka kama kikohozi, kibaya, kimeota kutu, kisha kikaja cha siku ya harusi, na cha siku Jackie alipojaribu kuvaa sufuria kichwani, na cha darasa la nne alipoitwa Birika na kwa kweli jina lenyewe lilikuwa la kuchekesha, vyote vilikuja, kimoja kikisukuma kingine, mpaka akainama na kushika magoti, meno yake yote wazi kwa mara ya kwanza mbele ya mtu yeyote, na ukuta ukaanza kucheka naye, mpishi kwa sauti nzito ya tumbo, bibi harusi kwa kupayuka, kuku, askari, jua, na chini yao wote sauti moja ya kiume, nzee, yenye mchanga, iliyocheka polepole kama mtu aliyekaa na kiu miaka mingi na sasa anakunywa bila haraka, naye akataka kupumua na hakuweza, akataka kunyamaza na hakuweza, hadi mdomo wa punda ukatoa mlio mdogo, ta!, kama udongo unaopasuka juani, ukakauka.

Kukawa kimya.

Nje, mbali, alisikia kicheko kikipasuka, kisha kwikwi.

Hiki!

Alikimbia. Alifungua mlango, akavuka uwanja, akawaona ng'ambo ya nguzo ya stima, Melvin amepiga magoti vumbini, Jackie akimvuta masikio na kucheka. Maryanne alipita lango akiwaita. Hatua ya pili miguu yake ikawa myepesi. Akautazama mkono aliounyoosha mbele. Vidole vilikuwa vimelala bapa, na kuzunguka kila kidole palikuwa na mstari mweusi, mwembamba, uliochorwa vizuri.

Akarudi nyuma polepole, hadi ndani ya lango.

Siku hizi Jackie na baba yake wanaishi Kajiado mjini, na kila Jumamosi wanakuja. Jackie hucheka tangu langoni. Mama yake humtazama, huyafungua meno yake, lakini hakitoki kitu. Hafuniki mdomo tena. Hakuna haja.

Watoto wa kulea wameongezeka. Wiki iliyopita alikuja mama mgeni, Makena, aliyehamia kutoka Rongai, upande wa Gataka, amembeba mtoto wake mgongoni. Alisema aliiona picha kwenye simu akaja kuiona kwa macho. Alisimama mbele ya ukuta akacheka mpaka mtoto mgongoni akaamka.

"Na huyu mama hapa kando ya punda!" alisema. "Aki anacheka hadi jino la mwisho. Lakini, madam, si anakaa kama wewe? Hata meno."

Kaveke ameapa mara nyingi kwamba hakumchora mama huyo. Anasema hana kopo la rangi ya chai, na hajui hata ingechanganywa vipi.

Maryanne aliinama, akachukua jiwe kutoka kwenye rundo lililo chini ya ukuta, rundo ambalo sasa linamfikia kiunoni, akamwekea Makena mkononi.

"Liweke," alimwambia. "Msalimie. Mtoto wako bado hajacheka?"

"Bado, ndiyo anaamka."

"Basi fanya haraka, mama."

Wakishaondoka wote, yeye hupangusa vumbi. Hupitisha kitambaa kwenye mbuzi, kwenye mpishi, kwenye punda, na hutoka kikavu. Hufika kwa yule mama. Hupitisha kitambaa mdomoni mwake taratibu, kama mtu anayejifuta mwenyewe, na kila jioni hutoka na doa la rangi ya chai, bichi, lenye uvuguvugu.